Maridhiano Bila Mridhianishi: Uhakiki wa Neno la Kisiasa kwa Kioo cha Utani wa Waluguru

Ikisiri

Makala haya yanahakiki neno maridhiano kama linavyotumika katika usemi wa kisiasa wa Tanzania tangu lilipopewa nafasi ya kwanza katika falsafa ya 4R mwaka 2022. Hoja inayotetewa ni kwamba mofolojia ya neno inaahidi usawa wa pande mbili, ilhali sintaksia ya hotuba inaligeuza kuwa hisani ya upande mmoja. Na kwamba neno hilo, tofauti na upatanishi na usuluhishi, halina nafasi ya mtu wa tatu. Utani wa Waluguru wa Morogoro unatumiwa kama kipimo, na maridhiano ya Zanzibar ya 2009–2010 kama pingamizi ambalo hoja hii haina budi kulijibu.

Utangulizi

Julai 1, 2022, Tanzania ilipotimiza miaka 30 tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe kisheria, magazeti yalichapisha makala ya Rais Samia Suluhu Hassan yaliyofafanua kile ambacho tangu hapo kimeitwa falsafa ya 4R. Herufi hiyo R ndiyo jambo la kwanza linalomgusa mwanaisimu. Maneno manne ya Kiswahili yanayobebwa na kifupisho hicho ni maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya. Hakuna hata moja linaloanza na R. Msomaji ajuaye Kiswahili pekee hupewa kufuli ambalo ufunguo wake uko katika lugha nyingine.

Sisemi haya kwa ukali wa wale walinzi wa lugha waonao kosa kila penye mkopo. Kifupisho hicho kina thamani kwa mhakiki kwa sababu kinafichua mwelekeo wa tafsiri: dhana ilifikiriwa kwa Kiingereza, kisha ikatafutiwa jina la Kiswahili. Na katika safari hiyo kitu kimoja kilianguka njiani. Neno la Kiingereza lililofasiriwa limetokana na kitenzi elekezi, ambacho mtu wa tatu anaweza kuwa kiima chake na wagombanao wawili wakawa yambwa. Maridhiano hayatokani na kitenzi cha namna hiyo. Kiswahili kilikuwa na upatanishi, kilikuwa na usuluhishi, yote mawili yakiwa na kiti cha mtu wa tatu ndani yake. Lililochaguliwa ni neno lisilo na kiti hicho, na makala haya yanauliza uteuzi huo umefanya kazi gani.

Radhi hushuka

Mzizi wa neno ni wa Kiarabu, na ukoo wake katika Kiswahili ni mpana: radhi, ridhaa, -ridhi, -ridhia, -ridhika, -ridhisha. Msemaji wa Kiswahili hakutani na ukoo huu kwanza katika siasa. Hukutana nao nyumbani. Mtoto huomba radhi kwa mzazi; anayesafiri, anayeoa, anayehisi kuwa mama yake ana kinyongo naye, hutafuta radhi kabla ya kutoka mlangoni. Radhi hiyo hushuka. Hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na hofu ya kuikosa ni sehemu ya malezi. Katika lugha ya sheria nako, Bunge huridhia mkataba, yaani chombo chenye uwezo wa kukataa kimeamua kutokataa. Katika matumizi yote mawili mwenye kuridhia yuko juu ya jambo linaloridhiwa.

Juu ya mzizi huu wenye ngazi ndipo huja kiambishi cha utendano -an-, ambacho kazi yake ni kusawazisha. Ali na Juma wakiridhiana, kila mmoja ni mtenda na kila mmoja ni mtendwa. Sarufi haimruhusu Ali aridhiane peke yake. Kwa hiyo -ridhiana ni kitenzi chenye mvutano ndani ya mwili wake: shina linakumbuka ngazi, kiambishi kinaifuta. Huenda ndiyo sababu neno limependwa. Hakuna neno jingine la Kiswahili linalomwezesha mwenye dola kusema kuwa ameshuka bila kusema kuwa ameshuka hadi wapi.

Muafaka, jina lililotawala Zanzibar kuanzia 1999, hauna mvutano huo. Wenyewe unanuka karatasi na saini. Suluhu nayo imekaribia kumezwa na michezo, ambako ni jina la mechi iliyokwisha bila mshindi, na waandishi wa habari wameichezea kwa kuwa ni sehemu ya jina la Rais. Mapatano yana harufu ya soko: watu hupatana bei. Kenya, baada ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kushikana mikono Machi 9, 2018, ililiswahilisha neno zima la Kiingereza likawa handisheki, na kwa kufanya hivyo ilisema ukweli mmoja bila kukusudia, kwamba katika tendo lile mlikuwa na mikono miwili tu.

Kiima kimoja

Kitenzi -ridhiana kikinominishwa kuwa maridhiano, mambo mawili hutokea. Kwanza, viima vyake hupotea. Jina hili la ngeli ya 6, lisilo na umoja (hatusemi ridhiano), linaweza kusimama katika sentensi bila kutaja nani ameridhiana na nani, wala juu ya nini. Pili, na hapa ndipo penye uzito, jina hilo linaweza kuwa yambwa ya kitenzi chenye mtenda mmoja. Ndivyo tunavyosikia miundo ya aina hii: kiongozi ameleta maridhiano, serikali imefungua milango ya maridhiano, wapinzani wameyakataa maridhiano. Utendano uliokuwa ndani ya kitenzi umefungwa kama bidhaa katika jina, na bidhaa hiyo sasa ina mwenyewe. Anayeileta anaweza kuiondoa. Anayeikataa ni mtovu wa shukrani.

Mabadiliko haya si ya nadharia tu. Machi 4, 2022, Mwendesha Mashtaka alipoifuta kesi ya ugaidi dhidi ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, Mbowe alitoka gerezani na siku hiyohiyo akapokewa Ikulu na Rais. Januari 3, 2023, Rais aliondoa zuio la mikutano ya hadhara lililokuwapo tangu 2016. Hatua zote mbili zilipokewa kwa nafuu ya kweli, na mhakiki asiyekumbuka nafuu ile atakuwa anahakiki kivuli. Hata hivyo tuangalie sarufi yake. Haki ya chama kufanya mikutano ilikuwa imeandikwa katika Sheria ya Vyama vya Siasa muda wote wa zuio. Kilichotangazwa Januari 2023 kilizungumzwa na kuripotiwa kama ruhusa iliyotolewa, na ruhusa hiyo ikahesabiwa kuwa tunda la maridhiano. Haki ilirudi ikiwa imevaa nguo za radhi: ilishuka.

Mazungumzo ya CCM na CHADEMA yaliyofuata, upande mmoja ukiongozwa na Abdulrahman Kinana na mwingine na Mbowe, yaliendeshwa na pande mbili zenyewe. Kikosi Kazi kilichoongozwa na Profesa Rwekaza Mukandala, kilichokabidhi ripoti yake Oktoba 2022, kilikuwa njia nyingine, na CHADEMA haikushiriki humo. Ya vyama viwili hayakuacha hati ya pamoja mezani ambayo mhakiki angeisoma kama anavyousoma muafaka wa Oktoba 10, 2001. Mtafiti wa usemi anabaki na hotuba za kila upande zikisimulia chumba ambacho hakuna mtu wa tatu aliyekuwamo.

Mtani ana kazi

Hapa ndipo naona Uluguru ina la kutufundisha, na si kwa sababu ya mapenzi ya mlima unaoonekana dirishani.

Neno utani limechakazwa na magazeti ya michezo. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, wanasiasa nao wakiitana watani humaanisha kuwa matusi yao yasichukuliwe kwa uzito. Utani wa Waluguru, kama ulivyoelezwa na Christensen (1963) na kama unavyojulikana na yeyote aliyehudhuria msiba katika vijiji vya milimani, ni mfumo wa wajibu kabla ya kuwa mfumo wa mzaha. Waluguru ni jamii ya ukoo wa kuukeni. Kila mtu ni wa lukolo la mama yake, na koo huwa na koo nyingine zilizo watani wake. Mauti yanapoingia, mtani hufika na kazi mkononi. Hushika shughuli za maziko ambazo wafiwa hawapaswi kuzishika. Huwacheka waliao, huchukua kitu hadi kikombolewe, huwaigiza marehemu na nduguze. Na katikati ya mzaha huo husema lile ambalo hakuna mwana ukoo angeweza kulisema: kwamba fulani alimtelekeza mgonjwa, kwamba kaka wawili hawajasemezana tangu mavuno. Hasira haimpati, kwa kuwa kumkasirikia mtani ni aibu ya mwenye hasira.

Mambo matatu katika mfumo huu yanastahili jicho la mwanaisimu. Mtani hachaguliwi na wagombanao, kwa hiyo hawezi kufukuzwa nao. Usemi wake una kinga, na kinga hiyo haikutolewa na mkubwa yeyote aliyepo pale msibani. Tena anayesema yuko nje ya ukoo, lakini si mgeni. Ana historia nao, ana deni nao, na kesho mauti yakiwa kwake watakuja wao. Kwa lugha ya uamilifu, mtani ni mshiriki wa tatu wa lazima katika tukio la usemi ambalo bila yeye lisingeweza kutendeka.

Sasa tuirudie mofolojia. Kiswahili na Kiluguru, kama ndugu wa Kibantu, vina uwezo wa kuweka usababishi juu ya utendano. Mpangilio wa viambishi huakisi mpangilio wa matukio, kama Baker (1985) alivyotufundisha kuusoma: katika pat-an-ish-a kuna watu wanaopatana, na nje yao kuna anayesababisha wapatane. Mtu huyo ana jina: mpatanishi. Suluhisha inamzaa msuluhishi. Lakini -ridhiana, ambayo kisarufi haizuiwi na chochote kuzaa -ridhianisha, katika usemi wa kisiasa haikuzaa. Mridhianishi hayupo. Nimelitumia neno hilo katika kichwa cha makala haya nikijua kuwa msomaji atalishangaa, na mshangao wake ni sehemu ya ushahidi.

Asiseme mtu kuwa umbo hilo ni zito mno kwa ulimi wa wanasiasa. Wanalitumia kila siku upande wa pili. Mchonganishi ni miongoni mwa maneno hai zaidi katika lugha ya majukwaa yetu, na limeumbwa kwa viambishi vilevile: -an- na -ish-. Yuko pia anayetugombanisha. Kwa maneno mengine, usemi wa kisiasa unamtambua mtu wa tatu vizuri sana pale panapotafutwa chanzo cha ugomvi: ni jirani mwenye wivu, ni mfadhili wa nje, ni mwanaharakati. Panapotafutwa chanzo cha amani, mtu huyo hufutwa, na wanabaki wawili, mmoja akiwa na polisi na mwingine akiwa na kipaza sauti.

Matuta ya 1955

Uluguru yenyewe imewahi kuona serikali na wapinzani wake wakifika mwisho wa njia. Miaka ya mwanzo ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milimani kuchimba matuta ya ngazi chini ya mradi wa kuhifadhi udongo. Kazi ilikuwa ngumu, udongo wa juu ulifukiwa, mavuno hayakulipa jasho. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka Matombo na kwingineko, polisi wakaitwa, na mradi ukaachwa. Young na Fosbrooke (1960) wameuandika mkasa huo kwa mapana, nasi hatuna haja ya kuurudia.

Kinachotuhusu ni kwamba hapakuwa na maridhiano. Serikali iliacha tu. Hakuna aliyetaja kosa, wala chombo kilichosikiliza pande zote kikasema nani alikuwa sahihi juu ya udongo. TANU ilipata wanachama, na matuta yakaota majani. Wanahistoria huuhesabu mkasa huo kuwa ushindi wa wakulima, na sibishi. Ila ukimya wa namna hiyo huacha kila upande na simulizi yake, na swali la nani ana haki ya kuamua mteremko ulimwe vipi liliendelea kuwa wazi baada ya bendera kubadilika.

Mji wa Morogoro nao una tarehe yake. Agosti 27, 2012, polisi walipowatawanya wafuasi wa CHADEMA mjini humo, muuza magazeti mmoja aliuawa. Alikuwa mtu wa tatu kwa maana iliyo kali kuliko ya sarufi: hakuwa upande wa serikali, na jukwaa halikuwa lake. Katika maridhiano ya wawili, mtu kama huyo hana kiti wala kiambishi.

Pingamizi la Zanzibar

Msomaji makini atakuwa ameshaliona tatizo la hoja yangu. Muafaka wa kwanza wa Zanzibar, uliotiwa saini Aprili 1999, ulikuwa na msuluhishi, tena wa hadhi: Jumuiya ya Madola chini ya Chifu Emeka Anyaoku. Haukudumu. Baada ya uchaguzi wa 2000 watu waliuawa Januari 2001, ndipo ukaja muafaka wa pili. Kinyume chake, Novemba 5, 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar bila msuluhishi wa nje, na tendo hilo, ambalo ndilo lililolipa neno maridhiano uzito wake wa leo, lilizaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Je, historia haisemi kuwa mtu wa tatu ni anasa?

Nadhani inasema jingine. Aliyekosekana mwaka 2009 ni mgeni, na mtani si mgeni. Tuangalie kilichofuata mkutano ule. Baraza la Wawakilishi lilijadili hoja mapema 2010. Kamati ya watu sita kutoka pande zote ikaongozwa na Mzee Hassan Nassor Moyo, mwanamapinduzi ambaye CCM isingeweza kumwita msaliti kwa urahisi na ambaye CUF ilikubali kumsikiliza. Kisha Julai 31, 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikafanyiwa Marekebisho ya Kumi. Wawili waliridhiana, lakini tendo lao halikukamilika mpaka wa tatu alipoitwa, na safari hii wa tatu alikuwa mpiga kura.

Uzito wa tofauti hiyo ulionekana mambo yalipoharibika. Oktoba 28, 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alipoufuta uchaguzi, maridhiano kama uhusiano wa watu wawili yalikufa. Maandishi hayakufa. Kifungu kilibaki katika Katiba, na Desemba 2020, baada ya uchaguzi uliokuwa mchungu, Maalim Seif aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais kwa nguvu ya kifungu hicho. Alipofariki Februari 2021, Othman Masoud Othman alichukua nafasi. Sidai kuwa Wazanzibari wameridhika. Nadai kuwa walikuwa na kitu cha kurudia, ambacho Tanzania Bara baada ya 2023 haikuwa nacho.

Ridhaa gerezani

Fasihi yetu ililiona jambo hili mapema. Katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya Mfalme Jeta, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi manufaa na wakalipwa kifungo. Mmoja wa wajumbe hao anaitwa Ridhaa. Uhakiki wa kawaida huyasoma majina haya kama mafumbo ya sifa njema na kupita. Mimi naona inafaa kusimama: katika nchi ya Kusadikika, Ridhaa ni mtu aliyerudi na habari, na alifungwa kwa kuzisema. Mwisho wa riwaya mfalme anamwachia Karama na kuwafungua wafungwa, na wasomaji wengi hufurahi. Lakini ufunguo ni wa mfalme uleule. Utetezi wa Karama ulipata nafasi kwa sababu mfalme aliamua kusikiliza. Kama angeamua vingine, hakuna mtu katika baraza lile aliyekuwa na kinga ya mtani. Mwisho mwema wa Kusadikika ni radhi. Haujawa maridhiano, na wanaoutumia kama mfano wa upatanishi wa dola na wakosoaji wake wanauazima usichonacho.

Nayasema haya wakati neno limerudishwa mezani katika hali nzito kuliko ya 2022. Aprili 2025 Tundu Lissu, aliyemrithi Mbowe katika uenyekiti Januari mwaka huo, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na CHADEMA ikazuiwa kushiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Oktoba 29, 2025, siku ya kura, maandamano yalizimwa kwa nguvu, intaneti ikakatwa, na watu wakafa kwa idadi inayobishaniwa hadi sasa. Novemba 18 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na tume ya maridhiano ilikuwa imeahidiwa tangu kampeni.

Yatakayoandikwa na vyombo hivyo yatasomwa na wanasheria na wanasiasa. Yanahitaji pia msomaji wa viambishi. Katika kila sentensi yenye maridhiano, mtafiti akirudishe kitenzi mahali pake na kuuliza viima vyake ni akina nani. Aone kama wafiwa wamo kama watendao au kama wapewao. Ahesabu ni mara ngapi -anish- imetumika kwa wachonganishi na mara ngapi kwa wapatanishi. Aangalie pia aliyesema lisilopendeza alindwe na nini: kifungu cha sheria, au hisani ya aliyemsikiliza.